Afande Akikusimamisha Kariakoo

Anayetafuta riziki Kariakoo anaweza kukutana na wenye mamlaka wa aina nne kwa siku moja. Trafiki anampungia mkono pale Fire, mgambo anamhamisha na meza yake Mtaa wa Kongo, ofisa wa TRA anamwomba risiti mlangoni mwa duka, na jioni difenda ya polisi inasimama kando ya kijiwe cha bodaboda. Wote wanazungumza kwa sauti ya amri, nasi tunawaita wote "askari" na kuwaogopa sawasawa. Makala haya yanakueleza ufanye nini, kuanzia mkono wa trafiki barabarani hadi siku ambayo, Mungu apishe mbali, wewe au ndugu yako ameumizwa. Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: kazi halali ya polisi huacha namba au karatasi. Faini ina namba, taarifa kituoni ina namba, askari mwenyewe ana namba, na mali iliyochukuliwa ina hati. Pasipo na hata kimoja kati ya hivyo, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kwanza, nani ni nani? Polisi hupata mamlaka ya kukamata kutoka Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kituo chao cha Kariakoo kiko Mtaa wa Msimbazi. Kile kikubwa cha katikati ya jiji, Kituo Kikuu, kinachoitwa na wengi Sentro, kiko Barabara ya Sokoine karibu na stesheni ya zamani ya reli. Mgambo ni watu wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, jina ambalo tangu Februari 2021 limebebwa na iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kazi yao ni sheria ndogo za jiji, yaani usafi, meza barabarani, mikokoteni na kadhalika. Mgambo aliye kazini anaweza kukukamata, ila anatakiwa akufikishe kituo cha polisi au mahakamani, asikuzungushe mitaani saa nzima mkijadiliana bei. Akichukua bidhaa zako, dai orodha yenye jina lake. Hata ikiandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, inatosha kuanzia.

Watu wa TRA wao wanashughulika na kodi na risiti. Ugomvi wao na wafanyabiashara unajulikana nchi nzima. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa sababu ya kile wafanyabiashara walichokiita kamatakamata ya kikosi kazi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza, akaagiza kazi ya kikosi kile isimame. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kwako wewe mnunuzi unayetoka mkoani na mzigo, somo ni fupi: dai risiti ya mashine kabla hujatoka dukani, hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa, na uikunje mahali unapoweza kuitoa upesi. Mzigo ukiwa juu ya kirikuu au guta na risiti iko kwa mwenye duka, umejitafutia safari ya bure.

Sasa barabarani. Trafiki wa sare nyeupe akikusimamisha, washa taa ya pembeni, egesha palipo salama, zima injini, teremsha kioo, na mikono yako ionekane. Msalimie. "Habari za kazi, afande" haikugharimu kitu, na mara nyingi ndiyo inayoamua mazungumzo yatakwenda vipi. Uliza kwa utulivu kosa ni lipi. Ana haki ya kuona leseni yako, bima na hali ya gari: matairi, taa, mikanda, kizima moto, zile pembetatu za kuakisi mwanga. Kwa pikipiki wataangalia kofia ngumu, yako na ya abiria. Wewe nawe una haki ya kusoma jina na namba kwenye sare yake. Namba za askari wa vyeo vya chini huanza na herufi, kama F, G au H, na kwa askari wa kike huanza na WP. Isome kimoyomoyo au iandike. Huna haja ya kumtangazia kwamba unaiandika.

Makosa yanayowanasa wengi katikati ya jiji si ya ajabu. Kuingia njia ya mwendokasi, hasa maeneo ya Jangwani, Fire na Gerezani, pale foleni inapomkera dereva akaona barabara nyeupe imelala pembeni yake. Kuegesha pasiporuhusiwa. Kuvuka taa nyekundu. Kupakia abiria wawili kwenye bodaboda, mishikaki kama tunavyoiita. Kwenye barabara za kutoka mjini kuna tochi, kile kifaa cha kupima mwendo. Kumbuka kwamba ndani ya maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa hata kama barabara imenyooka. Kwa makosa haya sitakufundisha namna ya kubishana, maana hubishi kitu. Nitakueleza namna ya kulipa.

Askari huingiza kosa kwenye mashine ya mkononi, kisha inatoka karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo, ambayo watu wengi wanaiita "kontroo namba". Ni namba ya Serikali yenye tarakimu 12, ikianza na 99. Kwa gari, faini iliyozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji, bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 iliishusha kutoka 30,000 hadi 10,000. Soma karatasi yenyewe: kiasi kilichochapishwa pale ndicho unachodaiwa, hata shilingi moja zaidi siyo. Unalipa kwa simu, benki au kwa wakala, na hulazimiki kulipa papo hapo ukiwa umesimama juani. Lakini usiiweke droo ukaisahau, kwa sababu deni lililopitiliza muda huongezeka, na siku utakayosimamishwa tena litakukuta. Unaweza kuangalia madeni ya gari au leseni yako kwenye tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz. Ukinunua gari la mkononi, angalia huko kabla hujatoa hela.

Je, kama hujafanya kosa? Faini ya papo hapo ni mapatano: unakiri kosa, unalipa, shauri linaisha. Kama hukiri, mwambie afande kwa heshima kwamba ungependa suala liende mahakamani. Hiyo ni haki yako. Nikuonye tu kwamba njia hiyo ina gharama zake: siku za kufunga kazi, nauli, na hakimu akikuona una hatia anaweza kukutoza zaidi. Kwa kosa la taa moja kuungua, wengi huona bora walipe. Kwa tuhuma ya kuendesha kizembe au ya ajali yenye majeruhi, usikubali kosa ili tu uondoke mapema. Kukiri kwako kutakufuata hadi kwenye bima na kwenye kesi ya fidia.

Likija lile neno la "tuyamalize hapahapa", ujue wote wawili mko kwenye hatari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji kwa adhabu ileile: faini kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Yaani kwa kukwepa 30,000 unaweza kununua kesi ya milioni. Jibu la kusema ni rahisi: "Afande, naomba uniandikie, nitalipa kwa namba." Usitume hela kwenye namba ya simu ya mtu yeyote, hata akisema atakulipia yeye. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU, 113, simu ni bure. Ukiwa na namba ya askari, mahali na saa, watakuwa na pa kuanzia.

Wenzangu wa bodaboda, hili ni lenu. Pikipiki nyingi huozea vituoni kwa makosa ambayo yangeisha kwa faini. Kangi Lugola, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 2018, alirudia kila alipokwenda kwamba pikipiki inapaswa kubaki kituoni kwa sababu tatu tu: imehusika kwenye uhalifu, imehusika kwenye ajali, au imeokotwa haina mwenyewe. Tamko la waziri si sheria, na waziri mwenyewe aliondoka Januari 2020, lakini ni hoja nzuri ya kumwomba mkuu wa kituo akueleze yako iko kwenye kundi lipi. Ikichukuliwa, nenda siku hiyohiyo na kadi ya pikipiki, uhakikishe imeandikwa kwenye kitabu cha kituo pamoja na namba yake ya chesesi, kioo, betri na mafuta yaliyomo. Piga picha kabla haijaondoka kijiweni. Sihitaji kueleza kwa nini.

Tuache barabara, twende kwa mtembea kwa miguu. Kijana amesimama usiku Mtaa wa Aggrey anasubiri usafiri, anakamatwa kwa "uzururaji". Kosa hilo lipo kweli kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na limetoka enzi za mkoloni. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizifute au zizirekebishe. Maoni yale hayawezi kukutoa kwenye difenda usiku ule. Kitakachokusaidia ni kueleza unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani, na nani anaweza kuthibitisha. Kitambulisho cha NIDA, hata namba yake tu kwenye simu, na kitambulisho cha kazi au cha machinga, hufupisha mazungumzo.

Kupekuliwa je? Askari mwenye sababu ya kukushuku anaweza kukupekua mtaani. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Hilo limeandikwa kwenye sheria, siyo fadhila, na dada aliyekamatwa anaweza kusimama hapohapo akasema atasubiri askari wa kike. Wewe mwenyewe toa vilivyo mfukoni, uvitaje kimoja kimoja kwa sauti ili waliopo wasikie. Usikubali begi lako lipekuliwe mahali usipoliona. Nyumbani au dukani, kawaida ni hati ya upekuzi, yaani kibali cha maandishi, na upekuzi ufanyike mchana. Sheria inaruhusu dharura bila hati pale ushahidi unapoweza kupotea, na polisi hutumia mlango huo sana. Basi, kwa vyovyote, omba awepo shahidi asiye polisi: mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au jirani wa fremu ya pili. Kikichukuliwa kitu, kijazwe kwenye hati ya kukamata mali, wewe na shahidi msaini, na usaini baada ya kusoma. Kama kilichoandikwa ni "simu" tu, omba waongeze aina, rangi na namba yake ya IMEI. Kama ni fedha, zihesabiwe mbele yako na kiasi kiandikwe.

Hapa niseme jambo ambalo zamani lisingekuwa kwenye makala kama haya. Si kila anayesema "mimi ni askari" ni askari. Kariakoo kuna matapeli wenye pingu na redio za upepo wanaowinda wageni wenye mizigo. Na kuna lililo zito zaidi. Septemba 2024, Ali Kibao, kiongozi wa CHADEMA, aliteremshwa kwenye basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, na mwili wake ukakutwa Ununio siku iliyofuata. Novemba mwaka huohuo, picha za video zilionyesha watu wakijaribu kumwingiza mfanyabiashara kwenye gari huko Kiluvya, wakiwa na pingu. Aling'ang'ania, akapiga kelele, watu wakatazama na kurekodi, na waliotaka kumchukua wakashindwa. Kwa hiyo aliyevaa kiraia akikushika, omba kitambulisho na usome jina. Uliza anakupeleka kituo gani. Mwambie uko tayari kwenda Msimbazi kwa miguu, kwa kuwa si mbali, watu wakiona. Taja jina lako kamili kwa sauti, na namba ya simu ya ndugu, mara mbili tatu, ili hata muuza karanga aishike. Askari wa kweli anaweza kuudhika na kelele hizo. Audhike.

Ukikamatwa na polisi kweli, usikimbie na usipambane. Kukataa kukamatwa kunazaa kosa jipya hata kama la kwanza halikuwepo. Sema, "Sikatai, nakwenda. Naomba kujua kosa langu." Sheria inamtaka anayekukamata akuambie sababu. Hukatazwi kunyamaza baada ya hapo. Unatakiwa kutaja jina na anwani yako, lakini habari ya nini kilitokea, nani alikuwepo na mzigo ni wa nani unaweza kuiacha mpaka awepo wakili au ndugu. Mazungumzo ya ndani ya difenda, yale ya "wewe tuambie tu tukusaidie", nayo yanasikika.

Kituoni utafikia kaunta. Vitu vyako vitachukuliwa: mkanda, simu, fedha, viatu wakati mwingine. Vyote viandikwe na usaini. Simu ikishazimwa ndipo watu hugundua hawajui namba ya mke wala ya kaka kwa kichwa, basi shika namba moja leo. Sheria inakupa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Iombe kwa maneno hayo, na ukikataliwa, muombe mkuu wa kituo, anayejulikana kwa herufi OCS. Kama aliyekamatwa hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi anatakiwa kuarifiwa, na asichanganywe na watu wazima.

Ndugu waliobaki nyumbani wafanye nini? Waende kituoni wawili, wakiwa na kitambulisho, waulize kaunta kwa jina kamili la mtu wao. Wakiambiwa hayupo Msimbazi, waende Sentro, kisha Buguruni, kisha Chang'ombe, na kila wanapokwenda waandike saa na jina la askari aliyewajibu. Nimeona familia zinazokaa nyumbani siku mbili zikipiga simu kwa "mtu wa usalama" wanayemjua. Mguu wako kaunta una nguvu kuliko huyo mtu.

Kisha yanakuja maelezo ya onyo, yaani maelezo unayoandikiwa baada ya kuonywa kwamba hulazimiki kusema, na utakayosema yanaweza kutumika mahakamani. Muda wa kawaida wa kukuhoji ni saa nne tangu uliposhikiliwa. Ukihitajika zaidi, unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane, kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imeshatupa nje maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Kwa hiyo saa yako ya kukamatwa ni ushahidi. Maelezo yakiandikwa, uyasome au usomewe neno kwa neno. Palipo na uongo, uombe pasahihishwe na usaini kando ya sahihisho. Usisaini karatasi tupu, hata ukiambiwa ni utaratibu.

Utakaa ndani muda gani? Kanuni ni kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, inapowezekana. Hilo neno la mwisho ndilo linaloleta Ijumaa ndefu: mtu anakamatwa Ijumaa jioni, anaambiwa asubiri Jumatatu. Hapo ndipo dhamana ya polisi inapoingia. Dhamana ni ahadi ya kurudi kituoni au kwenda mahakamani, ikishikiliwa na wadhamini, na ni bure. Nasema tena, bure. Hailipiwi kaunta, hailipiwi kwa mpelelezi, na haifungwi Jumamosi na Jumapili. Wadhamini waje na vitambulisho na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wanakoishi. Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu na mengine ya dawa za kulevya. Ndiyo maana uulize jina kamili la kosa uliloandikiwa. Ugomvi wa deni la dukani ukibadilika jina ukawa utakatishaji, unahitaji wakili siku hiyohiyo.

Wakili anapatikana wapi kama huna hela? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilichoanzishwa 1995, kinatoa msaada wa kisheria bure na ofisi zake ziko Kijitonyama na Kinondoni. Wanawake wana mashirika ya TAWLA na WLAC pia. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na serikali ya mtaa wako inaweza kukuelekeza kwa aliye karibu. Kesi nyingi za katikati ya jiji huishia Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Ukifikishwa huko na umepigwa, mwambie hakimu siku ya kwanza, mbele ya watu, uonyeshe alama, uombe iandikwe kwenye jalada na upelekwe hospitali. Ukisubiri kesi ianze kusikilizwa, majeraha yatakuwa yamepona na wakili wa serikali atakuuliza kwa nini ulinyamaza.

Nimefika kwenye nguvu. Sheria inaruhusu polisi kutumia nguvu kukamata, lakini ile inayohitajika tu, na anayekubali kukamatwa hapigwi. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Risasi ni mwisho wa njia, kwa kulinda uhai. Hayo ndiyo maandishi. Nchi yetu inajua pia yaliyo nje ya maandishi. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi katika msitu wa Pande, nje kidogo ya Dar es Salaam, na umma ukaambiwa ni majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ikakuta vingine. Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, na wenzake waliachiwa na Mahakama Kuu mwaka 2009, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni. Ilikuwa miaka kumi baada ya mauaji. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012, katikati ya kundi la polisi, na kulikuwa na picha. Askari aliyefyatua alifungwa miaka 15 mwaka 2016. Linganisha kesi hizo mbili, na ujiulize picha zilifanya kazi gani.

Na mwaka 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Mkwajuni, polisi wakitawanya waandamanaji ambao yeye hakuwa mmoja wao. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, watu waliuawa kwa risasi jijini humu, na amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni ikawakuta wengi wakiwa bado mjini. Kwa hiyo ushauri huu si wa wanasiasa peke yao. Ukisikia milio ukiwa kwenye daladala, lala sakafuni chini ya usawa wa madirisha. Ukiwa Kariakoo, ingia duka lenye mlango wa nyuma, usikimbilie andagraundi wala uchochoro usio na mwisho. Bomu la machozi moshi wake hukaa chini, basi panda juu, elekea upepo unakotoka, suuza macho kwa maji safi mengi na usiyasugue. Amri ya kutotoka nje ikitangazwa, ukishindwa kufika nyumbani lala ulipo. Ni heri kulala juu ya marobota kuliko kukata Jangwani kwa miguu gizani.

Ukiumizwa, hospitali kwanza. Fomu ya polisi namba 3, PF3, ndiyo inayounganisha jeraha na kesi. Hutolewa kituoni bure, na daktari huijaza. Lakini majeruhi wa dharura anatakiwa aanze kutibiwa, fomu ifuate. Kwa Kariakoo, hospitali za karibu yako ni Mnazi Mmoja, Amana na Muhimbili. Kama unaogopa kuomba PF3 kwenye kituo kilekile walikokuumiza, iombe kituo kingine. Piga picha jeraha siku ya kwanza na ya tatu, maana michubuko huonekana vizuri ikishaiva. Hifadhi nguo zenye damu bila kuzifua, kwenye mfuko wa karatasi. Andika saa, mtaa, namba ya gari, namba za sare, na majina ya waliokuwepo kabla hawajasahau. Kisha fungua taarifa upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. RB hainunuliwi.

Malalamiko yanapanda ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa wilaya, kamanda wa mkoa wa kipolisi. Andika barua ya ukurasa mmoja, yenye RB, tarehe na unachotaka kifanyike. Ukiona polisi wanajichunguza wenyewe bila mwisho, nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo cha kikatiba kilichoanza kazi 2001. Ofisi yake ya Dar es Salaam inajulikana kwa jina la jengo, Haki House, Barabara ya Luthuli. Kulalamika pale hakuna ada, na barua ya Kiswahili inatosha.

Na kama unataka fidia, Serikali hushtakiwa, ila huwezi kufungua kesi kesho asubuhi. Chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, unatanguliza notisi ya maandishi ya siku 90 kwa mamlaka unayoilalamikia, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ukieleza kilichotokea na unachodai. Wakili au msaidizi wa kisheria akuandikie. Ipeleke mwenyewe masijala, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu Serikali ikisema haikupata notisi, kesi yako inaweza kutupwa kabla ya kusikilizwa.